Talaka ya Nafula: kilichopita mtandaoni na kilichokwama

Nafula (jina nimelibadilisha) aliingia saibani kwangu, duka la kompyuta na intaneti, mwezi wa Mei 2024, akiwa na video moja ya YouTube aliyokuwa ameitazama hadi akaikariri. Mama mmoja wa Uingereza alikuwa akisimulia jinsi alivyoomba talaka akiwa jikoni kwake, chai mezani, bila wakili na bila kumtaja mumewe kwa baya lolote.

"Ndugu yangu, mimi nataka hii," akaniambia. "Nimesikia hata hapa Nakuru mahakama imeingia mtandaoni."

Alikuwa amesikia sawa, lakini nusu. Mfumo wa kuwasilisha kesi mtandaoni ulianza Nairobi tarehe 1 Julai 2020, na tarehe 11 Machi 2024 Jaji Mkuu Martha Koome akauzindua kwa mahakama za nchi nzima. Kwa hivyo ni kweli, mtu wa Nakuru anaweza kufungua faili akiwa kwake Free Area. Nusu ya pili ndiyo video haikumwambia. Uingereza ilibadilisha sheria yake, na tangu tarehe 6 Aprili 2022 mtu huko haulizwi nani alikosa. Kwetu Kenya Sheria ya Ndoa ya 2014 bado inataka sababu, sababu itolewe ushahidi, na ushahidi usikilizwe na hakimu. Hata mume akikaa kimya, hata akikubali, bado utasimama uape. Kilichohamia mtandaoni ni masijala na baadhi ya vikao tu.

Niseme na nafasi yangu kabla sijaendelea. Mimi si wakili. Nina saiba karibu na mahakama na nimepitia mafunzo ya usaidizi wa kisheria. Sheria ya Mawakili inamkataza asiye wakili kutunga hati za kesi kwa malipo, na wenzangu kadhaa wa saiba wanaoahidi "talaka ya wiki mbili" wanacheza na moto, wao na wateja wao. Nafula alinilipa kupiga chapa na kuskani. Mengine tuliongea kama majirani. Chini ya kila hati, pale penye "Imetungwa na kuwasilishwa na", liliandikwa jina lake na namba yake ya simu.

Ndoa yenyewe

Walioana kwa msajili mwaka 2015, ndoa ya kiserikali, mke mmoja mume mmoja. Yeye ni fundi wa kushona sare za shule, mume ni dereva wa lori anayekwenda Malaba na kurudi. Watoto 2. Mwaka 2018 walinunua ploti Rongai, hati ikaandikwa kwa jina la mume pekee. Kipigo kilianza mapema, kikazoeleka, hadi Septemba 2021 alipovunjwa mkono wa kushoto. Alikwenda hospitali, akapita kituo cha polisi akaandikisha OB, yaani taarifa kwenye kitabu cha matukio, kisha akahama Kaptembwo na watoto na cherehani moja. Mume baadaye alihamia Bungoma, akawa na nyumba nyingine.

Mahari pia ililipwa, ng'ombe wawili, na baba yake huko Webuye alikuwa akipiga simu kila jioni kuuliza kama mahakama itamdai awarudishe. Hilo lilimsumbua mzee kuliko talaka yenyewe. Ndoa ya kiserikali huvunjwa kwa masharti ya ndoa ya kiserikali, na ng'ombe hawamo. Kama ukoo wa mume ungetaka kuyazungumza, wangeyazungumza kwa wazee.

Kurasa tisa

Alikuja na kurasa tisa za mwandiko wa mkono pamoja na fomu aliyoipata kwenye intaneti. Fomu ilikuwa ya jimbo moja la Marekani. Ilisema ndoa ivunjwe kwa sababu ya "tofauti zisizopatanishika", msamiati ambao hakimu wa Nakuru hana pa kuuweka. Tuliitupa.

Zile kurasa tisa ndizo zilikuwa na kesi, ila ilibidi uifukue. Sita zilikuwa za mama mkwe: alichosema kwenye harusi ya shemeji, jinsi alivyokataa kula ugali wake, jinsi alivyompa mtoto jina bila kuuliza. Mkono uliovunjwa ulikuwa ukurasa wa saba, mistari miwili. Sikumlaumu. Anayeandika akiwa na uchungu huanza na kinachomchoma leo, na mkono ulikuwa umeshapona.

Kwa ndoa ya kiserikali sheria inataja uzinzi, ukatili, upotovu wa kupindukia, kutelekezwa kwa miaka 3 au zaidi, na ndoa kuvunjika kiasi kisichorekebishika. Hiyo ya mwisho ina njia zake za kuithibitisha, na mojawapo ni wanandoa kuishi mbalimbali kwa miaka 2 au zaidi. Nafula alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: AMENITELEKEZA.

Nikamwomba tuhesabu. Septemba 2021 hadi Mei 2024 ni miaka 2 na miezi 8. Miaka 3 haijafika. Halafu likaja swali baya zaidi: nani alihama nyumba ya ndoa? Ni yeye. Ni kweli anayefukuzwa na kipigo hawezi kuitwa mtoro, na mahakama zinalijua hilo, lakini kwa nini umpe mume nafasi ya kusema "Mheshimiwa, huyu ndiye aliyeniacha", nawe uanze kujitetea kwenye kesi uliyoifungua mwenyewe? Utelekezaji tukauondoa.

Nilidhani basi tumebakiwa na njia rahisi, miaka 2 ya kuishi mbalimbali. Nikamuuliza, kama jambo la kupita tu, kama waliwahi kulala nyumba moja tangu ahame.

Akanyamaza. Akasema, "Krismasi ya 2022 alikuja kuona watoto. Alikaa siku tatu."

"Alilala wapi?"

"Kwenye kochi. Mwanangu Steve alilala naye sebuleni."

Siku hizo 3 zingeweza kuharibu hesabu yote. Mume akidai kwamba walirudiana Desemba 2022, miaka 2 inaanza kuhesabiwa upya, na Mei 2024 ingekuwa mwaka na miezi 5 tu. Wengi wangeshauri asiitaje kabisa hiyo Krismasi. Mimi nilimwambia kinyume: iandike, na kochi uliandike. Ombi la talaka huambatana na hati ya kiapo, na humo unaapa kwamba uliyoyasema ni ya kweli na kwamba hukula njama na mwenzako. Jambo likitoka kinywani mwa mume mbele ya hakimu huku wewe ulilificha, hata mkono uliovunjwa utaanza kutiliwa shaka.

Ukatili ndio uliokuwa nguzo. Hauna sharti la miaka, na ndio pekee uliokuwa na karatasi mbili zisizotegemea neno lake: kadi ya hospitali na namba ya OB, zote za juma lile lile la Septemba 2021. Ukapanda kutoka ukurasa wa saba hadi aya ya nne ya ombi, na tarehe, na mkono upi, na alichokishika mume. Kuishi mbalimbali kukafuata. Mama mkwe akatoka kabisa. Nafula alipigania abaki japo kwa sentensi moja, hapo nikaonekana mkorofi.

Uzinzi nao tuliuacha. Alikuwa na picha za skrini za WhatsApp za yule mwanamke wa Bungoma. Kwanza, ushahidi wa kielektroniki chini ya Sheria ya Ushahidi unahitaji cheti kinachoeleza ulitolewa kwenye kifaa gani na kwa njia gani, na anayekitia sahihi anaweza kuhojiwa. Pili, picha zenyewe zilionyesha nini? "Umefika salama?" na emoji ya moyo. Ukidai uzinzi ukashindwa kuuthibitisha, umemfungulia mlango mtu mwenye hasira aje kupinga kesi ambayo pengine asingeipinga.

Alichoomba na alichoondoa

Rasimu ya kwanza iliomba vyote kwa pamoja: talaka, watoto, karo, nusu ya ploti ya Rongai. Tulibakiza talaka. Mambo ya watoto yana mahakama yake na sheria yake, ile ya 2022, na huhitaji talaka ndipo udai matunzo. Kusema kweli hilo angeweza kulifanya tangu 2021, na miaka yote hiyo ya karo alibeba peke yake akingoja talaka kwanza. Alipolisikia aliuma mdomo akatazama nje.

Ploti ndiyo iliyonifanya nimwambie aende akamwone mtu anayejua kuliko mimi. Wengi wanaamini ukipata talaka nusu ni yako. Mahakama ya Juu, katika uamuzi wa Januari 2023, ilisema wazi kwamba usawa wa wanandoa ulio kwenye Katiba haumaanishi kila kitu kigawanywe katikati. Kila mmoja huonyesha alichochangia. Mchango si pesa tu. Kulea watoto na kazi za nyumbani vimo kwenye Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013. Ila ni lazima uuthibitishe, na ni shauri tofauti.

Sheria hiyo hiyo ina kifungu ambacho sijasikia kikitajwa na wauza talaka za haraka. Ndoa ya mke mmoja ikiwa bado hai, mume hawezi kuuza mali ya ndoa bila idhini ya mke. Kinga hiyo imefungwa na uhai wa ndoa. Siku talaka inapokamilika, inaondoka, na hati ya Rongai ina jina moja. Kwa hiyo kabla ya kubofya chochote, Nafula alikwenda Kisumu, ofisi ya FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake, akalala kwa dada yake Kondele, akarudi na shauri alilolitekeleza wiki ile ile: kuweka zuio kwenye sajili ya ardhi. Nauli ya kwenda Kisumu na kurudi ndiyo pesa aliyoitumia vizuri zaidi katika kesi hii yote, na haikuhusu mtandao.

Kubofya

Sehemu ya mtandao yenyewe ilichukua asubuhi moja. Unajisajili kama mtu binafsi kwa kitambulisho, barua pepe na simu, unachagua mahakama na aina ya kesi, unapakia hati zikiwa PDF, mfumo unakutolea ankara, unalipa kwa M-Pesa. Asiyeweza ada anaweza kuiomba mahakama imruhusu kushtaki kama maskini, Kanuni za Mwenendo wa Madai zina mlango huo, lakini Nafula alisema ana sare za muhula zimelipwa, hataki kuitwa maskini na mtu.

Kilichokwama ni cheti cha ndoa. Mwaka 2015, kwa furaha, walikilamineti. Plastiki ilikuwa imevimba mapovu, na kila nikiskani, taa ya mashine ilipiga kwenye povu lililokaa juu ya namba ya cheti. Tulijaribu kwa simu, dirishani, kivulini. Namba ikawa doa jeupe. Ikabidi aende kwa msajili aombe nakala iliyothibitishwa, siku zikapita. Hati ya kiapo nayo ilihitaji kamishna wa viapo. Kwenye skrini unaweza kuweka sahihi yoyote, lakini kiapo huapwa mbele ya mtu.

Kesi ikapata namba yake, ikianza na herufi E kama zote zinazofunguliwa mtandaoni. Nafula aliiandika kwa chaki kwenye ukuta wa kibanda chake cha cherehani.

Tiki mbili za buluu

Hapa ndipo kesi ilipoteza miezi, na kosa lilikuwa letu, langu likiwa kubwa. Nilimwambia mume lazima apelekewe hati. Nilijua Kanuni zilirekebishwa mwaka 2020 zikaruhusu hati zipelekwe kwa barua pepe na kwa programu za ujumbe wa simu. Nikamwambia hata WhatsApp inakubalika. Sikumalizia sentensi.

Usiku huo huo akamtumia mume PDF zote, mwenyewe, kwa simu yake, na juu yake akaongeza sauti ya dakika nne. Tiki zikageuka buluu. Mume akajibu kwa neno moja ambalo siliandiki hapa. Nafula akaona kazi imekwisha.

Siku ya kutajwa kwa kesi ilikuwa Julai, kwa video. Alijiunga kupitia Teams akiwa kibandani, na jina lililotokea kwenye skrini ya mahakama lilikuwa "Steve Gamer 254", kwa kuwa simu ilikuwa ya mtoto. Karani alimwuliza Steve ni wakili wa upande gani. Akabadilisha jina, akaweka namba ya kesi, akazima cherehani ya jirani kwa kumkazia macho.

"Mlalamikiwa amepelekewa?" hakimu akauliza.

"Ndiyo, Mheshimiwa. Nilimtumia WhatsApp na akasoma. Tiki ziko."

"Hati ya kiapo ya aliyempelekea iko wapi?"

Haikuwepo, na isingekuwepo. Kanuni inayoruhusu WhatsApp inamtaka ofisa wa mahakama aliyeidhinishwa ndiye atume, kwa namba ambayo mlalamikiwa ndiyo aliyokuwa akiitumia, kisha aape hati akiambatisha uthibitisho kwamba ujumbe umefika. Mwenye kesi hajipelekei mwenyewe. Kesi ikasogezwa.

Mara ya pili alimlipa mpeleka samanzi (hati za wito wa mahakama) mwenye leseni, akamfuata mume Bungoma, akampata kwenye yadi ya malori. Alikataa kutia sahihi. Mpeleka samanzi hakubishana naye, aliandika saa, mahali, rangi ya lori, na nani alikuwepo, akaziacha hati pale miguuni pake. Hati yake ya kiapo ilikuwa ukurasa mmoja na nusu. Nimeona nyingi, na ile ilikuwa nzuri, ungeona vumbi la yadi. Siku alizopewa mume kujibu zikaisha bila jibu.

Hakimu anauliza kuhusu kochi

Kusikilizwa kulikuwa Novemba, na safari hii aliitwa ana kwa ana. Katika mahakama za chini Kiswahili ni lugha ya mahakama, akakichagua. Alipoulizwa jina akasema "Mama Steve", akajisahihisha. Alitoa nakala ya cheti, kadi ya hospitali, namba ya OB. Alionyesha mkono, hauendi juu zaidi ya bega.

Mume hakuwepo. Nilidhani basi itakuwa dakika kumi. Hakimu alisoma ombi hadi aya ya tisa, akainua macho.

"Hapa umesema Desemba 2022 alikaa kwako siku tatu. Mlirudiana?"

"Hapana, Mheshimiwa. Alikuja kwa watoto. Alilala kwenye kochi na mtoto."

"Kwa nini umeliandika?"

"Niliambiwa nitaapa."

Hukumu ilitoka Februari 2025. Ukatili umethibitishwa. Kuhusu Krismasi, hakimu alisema kumkaribisha baba aone watoto wake si kurudiana, na kwamba mlalamishi alilitaja mwenyewe. Ikatolewa amri ya muda, ile mawakili huiita nisi, ikamilike baada ya siku 30. Nafula alifikiri amepata talaka siku hiyo, akanunua soda za kibanda kizima. Nilimwambia asikubali posa ya mtu kabla ya Machi. Akacheka, akasema posa gani, ana sare za shule mbili za kumaliza.

Wakili aliyemwona mwanzoni alikuwa amemtajia shilingi 80,000. Hakuzilipa. Alilipa ada ya mahakama, kamishna, msajili, mpeleka samanzi na nauli ya Bungoma, nauli ya Kisumu, na siku za kazi alizozipoteza, ambazo hakuzihesabu hadi nilipomuuliza. Kesi ya ploti amempa wakili. Sikumshawishi. Alisema talaka ilikuwa ya kueleza alichokipitia, na hilo analijua kuliko mtu yeyote, lakini Rongai kuna risiti, mashahidi na vipimo, na mume safari hii atakuja.

Amri kamili ilipotoka aliipakua mwenyewe, akaja niichape kwa karatasi nzito. Akaishika kwa ncha za vidole, akaitazama mashine ya laminesheni iliyo nyuma yangu.

"Hapana, Mama Steve," nikamwambia.

"Basi nitilie kwenye bahasha."

Nikamtilia, na nyingine ya akiba bila malipo.